Pikipiki zimejaa Wundanyi, ubingwa wa kitaifa ungali mbali

KATIKA mji wa Wundanyi, Kaunti ya Taita Taveta, pikipiki ndiyo gari la wengi. Hubeba kabeji na nyanya kutoka mashamba ya Werugha na Mgange, huwafikisha wagonjwa katika hospitali ya Wesu, na huwateremsha abiria hadi Mwatate kwa barabara yenye kona zinazomlazimu mwendeshaji azijue breki zake jinsi anavyolijua jina lake. Si rahisi kupata darasa bora zaidi la kumfunza mtu kuendesha chombo cha magurudumu mawili. Hata hivyo, ubingwa wa kitaifa wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki katika uwanja wa udongo wenye matuta na miruko, umetawaliwa kwa miaka mingi na waendeshaji wa Nairobi na viunga vyake.

Anayeuliza sababu hujibiwa kwa neno moja: pesa. Jibu hilo si la uongo, lakini ni la kivivu. Pesa zipi? Za kununulia nini? Na katika hizo, ni zipi zinazodaiwa na mchezo wenyewe, na ni zipi zinazotokana na namna mchezo ulivyopangwa humu nchini? Mpaka hesabu hiyo ifanywe, kijana wa milimani ataendelea kuambiwa kuwa mbio ni starehe ya matajiri, naye ataamini.

Wingi wa pikipiki mashambani haukuja kwa bahati. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini isiyozidi 250cc, na katika muda mfupi bodaboda, ambayo awali ilikuwa baiskeli ya kuvukia mpaka wa Kenya na Uganda, ikawa kazi ya maelfu ya vijana kila pembe ya nchi. Kodi zilirudi baadaye kwa njia mbalimbali, lakini mazoea yalikwisha kuota mizizi. Leo pikipiki mpya ya bodaboda huuzwa kwa kiasi kinachozunguka shilingi 150,000 hadi 200,000, na wengi huinunua kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki.

Pikipiki ya motokrosi ni mnyama wa mbuga nyingine. Haina taa wala kioo cha pembeni, na haijajengwa kwa ajili ya barabara ya umma. Mtindo mpya wa 250cc kutoka viwanda vya Japani au Austria huuzwa Marekani kwa takriban dola 8,000 hadi 10,000. Ukichukua dola 8,300 na kuzibadilisha kwa shilingi 129, unapata zaidi ya shilingi milioni moja. Ongeza ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa ambao mwaka 2022 ulifikia shilingi 12,952.83 kwa kila pikipiki iliyoingizwa nchini, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Jumla inapita shilingi milioni 1.5, na hapo nauli ya meli, bima ya safari na ada za bandarini hazijaguswa. Hiyo ni thamani ya bodaboda saba mpya au zaidi, na hakuna abiria hata mmoja atakayeilipia nauli.

Watu wengi hukomea hapo katika hesabu yao, wakadhani kwamba anayepewa pikipiki amepewa ubingwa. Ukweli ni kwamba bei ya kununulia ndiyo sehemu inayoeleweka kwa urahisi zaidi, na pengine si ndiyo inayowaangusha wengi. Pikipiki iliyotumika, ambayo mwenyewe amekua ikamwia ndogo au amechoshwa na mchezo, hupatikana kwa sehemu tu ya bei hiyo. Kinachomvunja mgongo mwendeshaji mwenye mfuko mwepesi ni yale yanayofuata baada ya kuimiliki.

Injini ya bodaboda hupimwa kwa kilomita. Huweza kunguruma kutwa nzima, miezi nenda miezi rudi, kabla fundi hajaifungua. Injini ya mbio hupimwa kwa saa. Kwa baadhi ya pikipiki za motokrosi zenye mipigo minne na ujazo wa 250cc, kitabu cha kiwanda kinaelekeza kwamba pistoni na ringi zake zibadilishwe kila baada ya saa 15 hivi za kukimbia. Siku moja ya mashindano, kukiwa na mazoezi ya asubuhi na mbio mbili za nusu saa kila moja, hula zaidi ya saa nzima. Mwendeshaji anayefanya mazoezi kwa saa moja tu kwa wiki atazimaliza saa 15 katika muda wa miezi mitatu na nusu hivi. Akiipuuza pistoni ili aokoe pesa, anahatarisha vali, silinda na kombeo la injini, na hapo gharama ya kipuri kimoja hugeuka kuwa gharama ya injini nzima. Kwa aliyezoea bodaboda, nidhamu hii ni ngeni kabisa. Humtaka aufungue mtambo ambao bado unaunguruma vizuri, autoe kipuri ambacho macho yanaona ni kizima, na akilipie kingine.

Ndiyo maana waendeshaji wasio na wadhamini, huko Ulaya na Marekani kama ilivyo hapa, wameshikamana na injini ya mipigo miwili ambayo wengi walidhani ingekufa. Injini hiyo haina vali wala cheni ya ndani. Pistoni yake hubadilishwa na fundi wa kawaida kwa alasiri moja, kwa vipuri vichache na vya bei nafuu zaidi. Yamaha haikuacha kamwe kuunda YZ125 na YZ250 za mipigo miwili hata wakati viwanda vingine vya Japani vilipoziacha, na kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki (FIM) huruhusu 125cc ya mipigo miwili kushindana na 250cc ya mipigo minne katika daraja moja. Ni kweli kwamba ya mipigo minne ina nguvu zaidi. Lakini anayehesabu shilingi hutafuta mashine atakayoweza kuifufua Jumatatu ili Jumapili ijayo imrudishe uwanjani.

Ziko mbinu nyingine ndogondogo ambazo hazionekani na mtazamaji. Tairi la nyuma huweza kugeuzwa likatumia upande wa meno ambao haujalika, na hivyo likamaliza mashindano mawili badala ya moja. Kichujio cha hewa huoshwa na kupakwa mafuta baada ya kila safari, kwani vumbi jekundu la Voi likipenya huisaga silinda kama msasa. Aidha, kuna suala la mwinuko. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, Wundanyi hupita mita 1,400, na Nairobi hukaribia 1,800. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa ikanguruma vizuri Voi itakohoa moshi Nairobi ambako hewa ni nyepesi, hadi jeti ibadilishwe. Jeti ni kipande cha shaba kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi na bei yake ni ndogo. Aliyeisahau nyumbani amepoteza siku, mafuta na ada ya kujiandikisha.

Hapo ndipo jiografia inapoingia katika hesabu, nayo huingia kwa kishindo. Kitovu cha motokrosi nchini kwa muda mrefu kimekuwa Jamhuri, jijini Nairobi. Kutoka Wundanyi hadi huko ni takriban kilomita 370, yaani 740 kwenda na kurudi. Gari dogo la mizigo linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 74, na petroli ikichukuliwa kuwa shilingi 180 kwa lita, safari moja ni shilingi 13,320 za mafuta pekee. Kwa msimu wa raundi sita hiyo ni karibu shilingi 80,000. Ongeza malazi ya mwendeshaji na fundi wake, chakula, na kukodisha gari lenyewe kwa asiye nalo. Malori ya mboga yangeweza kusaidia, lakini mboga za Taita huteremkia Mombasa, na hivyo hata fadhila ya jirani mwenye lori huelekea upande usiofaa. Mpinzani wake anayeishi Karen au Lang'ata hupakia pikipiki asubuhi na kurejea nyumbani kwa chakula cha jioni.

Ili kuona uzito wa safari hizo, ni lazima mtu atazame jinsi ubingwa unavyohesabiwa. Katika mfumo wa alama wa FIM unaotumiwa kwenye ubingwa wa dunia wa motokrosi, mshindi wa kila mbio hupata alama 25, wa pili 22, wa tatu 20, wa nne 18 na wa tano 16, na hushuka hivyo hadi wa ishirini anayepata alama moja. Kila raundi ina mbio mbili. Tuseme msimu una raundi sita, basi jumla ni mbio 12. Mwendeshaji hodari anayeshinda mbio zote za raundi tatu, kisha akaishiwa na pesa, ataumaliza msimu na alama 150. Mwingine ambaye hakuwahi kushinda hata mara moja, lakini alifika kila raundi na kumaliza wa tano kila mara, atakuwa na alama 192. Nani bora? Uwanjani ni yule wa kwanza. Katika jedwali, ambalo ndilo wadhamini husoma, ni yule wa pili.

Hesabu hii inatoa mafunzo mawili yanayovutana. La kwanza ni faraja kwa asiye na kitu: kumaliza ni mali. Anayeendesha kwa asilimia 90 ya uwezo wake, asivunje mashine wala mkono, hukusanya alama ambazo mwenye kasi ya wazimu huzipoteza mtaroni. La pili ni chungu. Mfumo huu humwadhibu asiyeweza kusafiri kuliko unavyomwadhibu asiye na kasi. Kila raundi anayoikosa mtu wa Wundanyi ni alama 50 alizowaachia wengine kabla ya bendera kuteremshwa. Ubingwa unaoitwa wa kitaifa, ukikimbiwa karibu na mji mmoja, hupima pia umbali wa nyumba ya mshindani kutoka mji huo.

Ipo gharama nyingine ambayo haiandikwi katika daftari la gereji. Mwendeshaji wa bodaboda anaishi kwa mwili wake. Mfupa wa bega ukivunjika, na katika motokrosi huvunjika mara nyingi, humweka kando kwa wiki sita au zaidi. Kwa mwanafunzi au mtoto wa mfanyabiashara, hizo ni wiki za kukosa mbio. Kwa bodaboda ni wiki za kukosa marejesho ya mkopo wa pikipiki ya kazi, na pengine kuipoteza. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hushughulikia matibabu. Haimlipi mgonjwa kipato alichokipoteza. Ndiyo maana kofia nzuri, kinga ya shingo, ya kifua na ya magoti, na buti ngumu si mapambo, ingawa vyote kwa pamoja huweza kukaribia bei ya bodaboda mpya. Anayebana matumizi na abane kwingineko. Pikipiki kuukuu na kofia mpya ni mpango wa busara. Kinyume chake ni mzaha na mauti.

Je, wadhamini wako wapi? Wapo, lakini macho yao yako kwenye magurudumu manne. Benki ya KCB imekuwa mdhamini wa ubingwa wa kitaifa wa mbio za magari kwa misimu mingi. Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, serikali na kampuni kubwa zilijitokeza. Vijana watatu, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, walipata msaada wa kampuni zikiwemo Safaricom na Kenya Airways chini ya mpango wa kukuza vipaji vya mbio za magari, na Februari 2022 Kimathi alishindana Uswidi katika ubingwa wa dunia wa vijana. Hilo lilikuwa jambo jema, nalo lilionyesha kwamba fedha za kumkuza kijana zipo pale watu wenye ushawishi wanapoamua. Pikipiki haijapata mtu wa kuisemea hivyo, licha ya kwamba kwa kila Mkenya anayeweza kulimudu gari la mbio wapo maelfu wanaoendesha pikipiki tangu alfajiri.

Inachekesha kidogo kwamba Taita ndiyo inayosahaulika katika mambo haya. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miongo iliyofuata milima ya Taita ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa katika njia yake, kwa kona, matope na ukungu. Mbio za magari ya zamani, zilizoanzishwa mwaka 2003, nazo zimepita mara kwa mara katika nyanda hizo, na Voi imekuwa mwenyeji wa raundi za ubingwa wa kitaifa wa magari. Wageni huja, hutimua vumbi, hulala hotelini na kuondoka. Wenyeji husimama kando ya njia.

Katika historia hiyo hiyo ya Safari limo somo ambalo mwenye mfuko mwepesi angepaswa kulishika. Joginder Singh, aliyeanza maisha kama fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Gari hilo lilikuwa la timu ya kiwanda mwaka uliotangulia, likaachwa Afrika Mashariki baada ya mashindano, na akina Singh wakalitengeneza upya kwa mikono yao. Wengine walikuja na magari mapya kutoka ng'ambo. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, wakati huo akiwa na Mitsubishi nyuma yake, lakini mlango ulifunguliwa na spana. Wundanyi na Voi hazikosi watu wa spana. Gereji za kando ya barabara huko hufufua pikipiki ambazo wakala wa Nairobi angeshauri zitupwe, na ujuzi huo ndio gharama kubwa ambayo mshindani wa mjini hulazimika kuununua.

Spana peke yake, bila shaka, haimfikishi mtu kileleni. Mara nyingi mdhamini wa kwanza wa mwendeshaji wa motokrosi ni mzazi wake. Uganda, ambako mashindano hufanyika katika viwanja vya Garuga na Busiika, familia ya Blick imetoa waendeshaji katika zaidi ya kizazi kimoja, na Arthur Blick mdogo amekuwa miongoni mwa majina makubwa ya mchezo huo katika kanda. Mtoto wa familia kama hiyo hupanda pikipiki ya 50cc angali mdogo, huendelea hadi 65cc na 85cc, na anapofikia utu uzima huwa ana miaka kumi ya kuruka matuta. Bodaboda anayeanza akiwa na umri wa miaka 22 ana ujuzi mkubwa wa barabara mbovu, lakini hajawahi kupaa mita 15 hewani akiwa ubavuni mwa wenzake. Kusema kwamba pengo hilo litazibwa kwa kipaji tu ni kumdanganya.

Hata hivyo, motokrosi si njia pekee. Ross Branch alitoka Jwaneng, mji wa migodi ya almasi nchini Botswana, na kazi yake ilikuwa urubani. Mwaka 2019 alishiriki mashindano ya Dakar kwa mara ya kwanza na kuibuka bora miongoni mwa wageni wa pikipiki, mwaka uliofuata akashinda hatua moja, na mwaka 2024 akamaliza wa pili kwa jumla kabla ya kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za jangwani mwaka huo huo. Timu yake ni ya Hero, kampuni ya India ambayo pikipiki zake ndogo zimeuzwa Kenya kwa ajili ya bodaboda. Katika mashindano hayo hayo ya Dakar liko kundi la wasiokuwa na mafundi. Kila mmoja hubebewa sanduku moja la vifaa, matairi na hema lake, na usiku hutengeneza pikipiki yake mwenyewe kabla ya kulala. Mwaka 2023 kundi hilo lilishindwa na Charan Moore wa Afrika Kusini. Mbio za aina hiyo, ambazo hutuza uvumilivu, kusoma njia na kuilinda mashine, ziko karibu zaidi na maisha ya mwendeshaji wa Taita kuliko matuta ya Jamhuri.

Lililo karibu zaidi na uwezo wa wengi ni daraja la bei nafuu ndani ya ubingwa wenyewe. India ilikwisha kulijaribu. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya TVS imeendesha mashindano ambamo kila mshindani hupanda pikipiki ya aina moja iliyotengenezwa na kampuni hiyo, na hivyo aliye na pesa nyingi hawezi kuinunua kasi. TVS ni jina ambalo kila bodaboda wa Voi analijua. Daraja kama hilo hapa lingehusu pikipiki za kati ya 100cc na 150cc zinazounganishwa humu nchini, injini zikiwa zimefungwa kwa lakiri zisichezewe, taa na vioo vikiondolewa, matairi ya meno yakiwekwa. Msimu mzima ungeweza kukimbiwa kwa gharama isiyofikia bei ya magurudumu mawili na shokomzoba za pikipiki ya motokrosi pamoja na ada za kuziingiza nchini.

Pingamizi zipo, na baadhi ni za haki. Fremu na shokomzoba za bodaboda hazikuundwa kuruka. Zikirushwa matutani zitakatika, na zitakatika mtu akiwa hewani. Kwa hiyo uwanja wa daraja hilo ungelazimika kuwa tambarare, wa mviringo wa udongo, au mbio za kupanda mlima kwa zamu dhidi ya saa. Wengine watasema kwamba bodaboda tayari wanauana barabarani na haifai kuwafunza kukimbia zaidi. Hoja hiyo inasikika kuwa ya busara hadi mtu aitazame vyema. Mwendeshaji anayelazimishwa kuvaa kofia kamili, kupita ukaguzi wa breki na kufukuzwa uwanjani kwa ulevi hujifunza mambo ambayo hakuna anayemfunza stejini. Kukimbia katika barabara ya umma ni kosa la jinai na kunapaswa kubaki hivyo. Uwanja ndio mahali pa kuipeleka kiu hiyo.

Uwanja wenyewe hauwezi kuwa Wundanyi, na hili ni vyema lisemwe mapema. Milimani ardhi ni matuta ya mashamba yaliyogawanywa hadi yakawa vipande, na mabaki ya misitu kama Ngangao na Mbololo ni makao ya ndege wasiopatikana popote pengine duniani, baadhi yao wakiwa ukingoni mwa kutoweka. Injini haina kazi humo. Huko chini nako, hifadhi za Tsavo zinachukua zaidi ya asilimia 60 ya eneo la kaunti, na ndovu hawasomi mabango. Inabaki mikanda ya ardhi kati ya Voi na Mwatate, karibu na barabara kuu ya Mombasa, ambako mshindani wa Pwani angefika kwa mwendo wa saa mbili au tatu na yule wa Nairobi angeonja, walau mara moja kwa msimu, ladha ya kusafiri mbali. Eneo lolote litakaloteuliwa litahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999.

Nani atawajibika? Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya (KMSF), ambalo kwa miaka mingi limesimamia mbio za magari na pikipiki, lingeweza kuidhinisha daraja hilo kwa kalamu tu, kwani halidai fedha bali kanuni. Kampuni zinazounganisha pikipiki nchini zina sababu ya kibiashara ya kujihusisha, na Sheria ya Kodi ya Mapato humruhusu anayedhamini michezo, kwa idhini ya waziri husika, kuhesabu matumizi hayo katika gharama zake kabla ya kutozwa kodi. Wachache hukumbuka kuitumia nafasi hiyo. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyoundwa mwaka 2018, ipo pia, ingawa mazoea yake ni kuzitazama timu za taifa zinazosafiri ng'ambo.

Kaunti ndiyo yenye wajibu ulio wazi zaidi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziachia serikali za kaunti shughuli na vifaa vya michezo katika maeneo yao. Katika kaunti nyingi maneno hayo yametafsiriwa kuwa uwanja wa soka na jezi za kombe la gavana. Uwanja wa udongo ni rahisi kuliko hayo yote: hauhitaji nyasi, taa wala jukwaa la saruji. Unahitaji ardhi, tingatinga kwa siku chache, lori la maji la kutuliza vumbi, na ambulensi siku ya mashindano. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ni mali ambayo kaunti kwa kawaida huwa nayo tayari katika idara za barabara, maji na afya.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 huitaka kila kaunti iwasilishe makadirio yake ya bajeti bungeni kufikia Aprili 30, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Bunge la Kaunti ya Taita Taveta hukutana Wundanyi. Vyama vya bodaboda vya eneo hilo vinajua njia ya kufika katika ukumbi huo, kwa kuwa wanachama wake huwapeleka watu hapo kila siku ya kikao.